Miaka Miwili ya Kukaa Nusu

Mtu akikuambia anakwenda kufundishwa kucheza, unategemea kumwona akicheza. Mimi nilitegemea hivyo. Mjukuu wangu alianza kufundishwa ngoma ya Kihindi hapa Kasulu mwaka 2012, na kwa miaka miwili sikumwona akicheza hata siku moja. Nilimwona amekunja magoti. Nilimwona anakanyaga sakafu, mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Na anayekanyaga udongo angalau jioni anapata matofali.

Ilianza hivi. Hospitalini aliletwa daktari mmoja Mhindi, wa mkataba, akaja na mkewe. Daktari simsemi sana, alikuwa mtu mpole. Mara moja alichungulia sikio langu la kushoto akaniambia limechakaa kwa sababu ya ngoma, nami nikamwambia hilo nalijua, nilichotaka ni dawa. Dawa hakuwa nayo. Mkewe ndiye mwenye habari hii. Alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kuliko changu, maana mimi nyumbani nasema Kiha, na shule niliiacha darasa la pili nikafuata ng'ombe wa baba. Huyu mama alikuwa amejifunza ngoma ya kwao tangu ana miaka sita. Alipofika Kasulu akaona hana kazi zaidi ya kutazama ukungu unavyopanda asubuhi kutoka mabondeni, akaenda shuleni akatangaza kwamba Jumamosi atafundisha wasichana barazani kwake. Anayetaka aje. Walikwenda kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mjukuu wangu, ambaye nilikuwa namlea tangu mama yake alipoolewa tena kule Makere. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, miguu mirefu, mkaidi kama mama yake.

Mimi nimepiga ngoma kwenye harusi na mavuno, Kasulu mpaka Kibondo, zaidi ya miaka arobaini. Mpiga ngoma akisikia kuna mahali panachezwa hakai nyumbani. Jumamosi ya tatu nikavaa koti langu nikaenda.

Niliwakuta wamesimama mistari miwili kwenye baraza la saruji. Kusimama nasema tu, maana hawakuwa wamesimama wala hawakuwa wamekaa, walikuwa wamekaa nusu. Visigino karibu vigusane, vidole vya miguu vimeelekea nje, magoti yamekunjwa na kufunguliwa pembeni, hili kulia hili kushoto, na mgongo umenyooka kama umepigwa pasi. Mwalimu, ndivyo walivyomwita na mimi nikafuata, alikaa kwenye mkeka akigonga gogo fupi kwa fimbo. Mdomoni anasema, "Tei-ya-tei, tei-ya-tei." Wao wanakanyaga. Unyayo wote unashuka mara moja, pa! Ukitanguliza vidole anakusimamisha. Kiwiko kikilegea anakusimamisha. Ukijiinua kidogo kupumzisha mapaja, anasema, "Wewe, umekuwa mrefu," na wote wanarudia kutoka mwanzo.

Nikangoja ngoma ianze. Nilingoja saa nzima, kisha wakaanza kuvaa viatu.

"Shikamoo, babu," Mwalimu akaniambia.

"Marahaba. Sasa ngoma mnaanza saa ngapi?"

"Ndiyo tumemaliza."

"Ile?"

"Ule ni msingi, babu."

"Msingi wenyewe unachukua muda gani?"

Akawatazama wale watoto wanavyochechemea ngazini. "Inategemea magoti," akasema.

Akaniambia pia sheria yake. Kuna mafungu manane ya hatua. Kila fungu lina kasi tatu. Msichana atakayeyapita yote manane kwa kasi zote tatu bila kuinuka magoti, huyo ndiye atafundishwa ngoma ya kwanza. Kabla ya hapo hata nusu ya wimbo hafundishi. Njiani mjukuu wangu akaniambia anataka kufika hapo kwenye ngoma ya kwanza. Hakuomba ruhusa, aliniarifu. Nikamuuliza kama ameiona hiyo ngoma yenyewe ikoje. Akasema hajaiona. Mimi kwa akili yangu nikahesabu miezi mitatu.

Nyumbani alikuwa anafanyia mazoezi nyuma ya jiko, akishamaliza kuteka maji. Kwenye udongo mwekundu ule, kiangazi, vumbi linapanda mpaka maharage yaliyoanikwa yanabadilika rangi. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda bombani walisimama kumtazama.

"Ewe mtoto, choo kiko huko nyuma!" mmoja akampigia kelele.

"Mwache, bado anatafuta jani," akasema mwenzake.

Nikawajibu mimi. "Na nyinyi mnaoinama kutwa kwenye mihogo, mnachezea nini?"

"Babu, sisi tukiinama tunarudi na kitu. Huyo anarudi na nini?"

Niseme ukweli, hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Wasichana wakaanza kuacha. Wanne waliacha walipogundua kwamba njuga za miguuni hazitolewi mpaka msingi uishe. Wengine mapaja yaliwauma wakashindwa kuchuchumaa shambani, mama zao wakawakataza. Masika ya mwaka uliofuata walibaki wawili, mjukuu wangu na binti wa afisa mmoja wa halmashauri aliyetoka Singida. Yule binti alikuwa hodari. Baba yake akahamishwa. Akabaki mmoja.

Hapo ndipo nilipoingizwa mimi. Mwalimu alikuwa hawezi kugonga gogo na papo hapo kunyanyuka kumrekebisha mtoto magoti. Akaniambia, "Babu, si umepiga ngoma maisha yako yote? Njoo unishikie fimbo."

Nilifurahi, sifichi. Nilikaa kwenye ule mkeka kama mtu aliyerudishiwa kiti chake. Nikagonga. Mtoto akaanza kasi ya kwanza, ya pili, akaingia ya tatu, miguu inalia kama mvua kwenye bati, na mimi nikampandishia. Mwalimu akainua mkono.

"Babu, unakimbia."

"Sikimbii. Nafuata miguu."

"Usifuate miguu. Fimbo haibadiliki. Kwenye pigo moja anaweka hatua moja. Halafu kwenye pigo lile lile anaweka mbili. Halafu nne. Yeye ndiye anayeongeza, wewe unabaki pale pale."

"Sasa atajuaje kwamba nimemwona?"

Hakunielewa, na sikumlaumu, maana hili ni la kwetu. Kwetu ngoma ina macho. Mpigaji anatazama miguu ya mchezaji, na mchezaji akishika moto unampandishia kidogo, naye anaongeza, unampandishia tena. Hiyo ndiyo sifa yake. Hakuna anayesimama kumwambia mtu amecheza vizuri, ngoma ndiyo inamwambia. Ukimwacha kwenye pigo lile lile wakati jasho linamtoka, umemtukana. Nilikuwa kwenye harusi moja Kibondo, nikiwa kijana, mpigaji mmoja mlevi akamwacha mchezaji hivyo hivyo, hampandishii. Yule mchezaji alisimama katikati ya uwanja, mikono bado iko juu kama pembe, akatema mate chini akaenda zake kwao na pombe hakunywa. Ukoo mzima ukakasirika. Nimekua hivyo. Mkono wangu umekua hivyo.

Basi nikaanzishwa msingi na mimi. Mzee mzima, meno nayahesabu, nimeketi barazani nagonga gogo bila mchezaji, Mwalimu ananihesabia. Wiki nne. Daktari akipita kwenda kazini ananiambia, "Pole, mzee." Kila nilipodhani nimeweza, mtoto akirudi tu, mkono unaondoka. Mwalimu akanigeuza nitazame ukuta nisiione ile miguu. Lakini sikio moja lilikuwa bado zima. Nikiwa nimekodolea macho ukuta mweupe, nasikia visigino vinashuka sawasawa, na mkono unakwenda wenyewe.

"Babu."

"Najua."

"Umekimbia tena."

"Nimesema najua!"

Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nilimwambia mjukuu wangu mara tatu kwamba sirudi kule, na mara zote tatu Jumamosi ilipofika nikarudi. Kwake mambo yalikuwa yanasogea kidogo kidogo. Fungu la kwanza lilimchukua miezi mitano. La pili, lile la kunyoosha mguu na kugonga kisigino mbali na mwili, lilikula mwaka karibu wote. Mwalimu alifunga kamba kati ya nguzo mbili za baraza, usawa wa utosi wa mtoto akiwa amekaa ile nusu yake. Akijiinua, kamba inamgusa. Nilimwona siku moja anapanda ngazi za kanisani kwa mikono, ameshika ukingo, miguu haitaki. Nikamwambia aache. Akaniambia, "Babu, wewe acha kukimbia kwanza."

Katikati ya mwaka 2014 Mwalimu akatuambia mkataba wa daktari unakwisha, wanahamia Dar es Salaam, zimebaki wiki sita. Mjukuu wangu alikuwa amefika fungu la nane. Mwalimu akasema Jumamosi ijayo atampima. Akipita, wiki tano zitatosha kumfundisha ngoma ya kwanza, ni fupi. Asipopita, basi. Alisema neno hilo kwa upole lakini alilisema.

Ile wiki mtoto hakula vizuri. Mimi nilikuwa nagonga kila kitu, kinu, mlango, mpini wa jembe, pole pole, pigo moja moja, kujifunga mkono.

Siku yenyewe nikageukia ukuta. Kamba ikafungwa. Fungu la kwanza likapita, la pili, la tatu. Mpaka la sita sikuwa nimekosea hata mara moja, na nilikuwa natoka jasho kuliko yeye. La saba, kasi ya tatu. Sasa nisikilizeni. Nimesikia miguu mingi katika maisha yangu. Ya watu ambao tayari wamekufa, iliyokuwa inasimamisha harusi nzima. Sijawahi kusikia miguu iliyo safi namna ile. Kila kisigino kilikuwa kinafika mahali pake kana kwamba kimeitwa. Na mkono wangu ukamsifu. Ukapanda. Kidogo tu, kidogo sana, mtu mwingine asingesikia. Akanifuata. Akaja nami, akajiinua, na nikasikia kamba inakwaruza nywele zake.

"Basi," akasema Mwalimu.

Nikageuka. "Kosa langu, Mwalimu. Mimi nimekimbia."

"Najua, nimekusikia."

"Basi arudie."

"Hapana, babu."

"Kosa la mwingine, adhabu ya mwingine?"

"Wewe ulipokimbia, yeye alitakiwa kubaki. Msingi ndio huo." Alikuwa anafungua kamba huku anasema, hakunitazama. "Kama kila atakayempigia vibaya atambeba, basi hana miguu yake. Ana miguu ya mpigaji."

Nilisema neno moja la Kiha ambalo silirudii hapa. Mtoto alikuwa anavaa viatu. Nilimwambia Mwalimu kwamba zimebaki wiki tano, na mtoto amekaa miaka miwili chini ya kamba, na yeye ni mwanamke mwenye roho ngumu. Akanijibu kwamba mwalimu wake mwenyewe alimweka miaka minne. Kana kwamba hilo lilikuwa jambo la kunituliza!

Njiani mtoto alitangulia. Tulipofika kwenye daraja dogo akasimama.

"Babu, kwa nini?"

"Ulikuwa unafanya vizuri," nikamwambia.

"Ndiyo maana ukaniharibia?"

Hakunisemesha tena. Siku tatu. Anapakua ugali, anauweka mbele yangu, anaondoka. Watoto wa siku hizi wanakwambia mambo kwa simu na kwa maneno ya redioni, lakini kununa bado wananuna kama zamani.

Siku ya nne akaja na kipande cha mti na mwiko, akaviweka miguuni pangu.

"Piga."

"Nani, mimi?"

"Piga vibaya."

Nikadhani ananidhihaki. Akasema hapana. Akasema kama kosa ni kubebwa, basi nimbebe kila siku mpaka abaki. Akakaa ile nusu yake pale vumbini. Nikagonga, nikakimbia, akanifuata. "Tena." Nikakimbia, akanifuata. "Tena." Nikachelewesha, akapepesuka. Halafu nikagundua jambo la kuniudhi zaidi, kwamba kukosea kwa makusudi sikuwezi. Nikitaka kukimbia mkono unasita, na kabla ya kukosea uso wangu unamwarifu.

"Babu, hata kukosea hujui! Unakunja uso kwanza."

"Sasa nifanyeje, nijifunike gunia?"

"Jifunike."

Nikajifunika kanga yake kichwani, mchana kweupe, nyuma ya jiko langu mwenyewe. Wale wanawake wa bombani walipita, na siku hiyo hawakusema kitu, wakaondoka upesi. Nadhani walifikiri kuna msiba.

Tulifanya hivyo kila jioni wiki nne. Kwa Mwalimu hatukwenda, na yeye hakutuita. Wiki ya nne nikamkimbiza kwa nguvu zangu zote, akabaki. Nikarudi nyuma, akabaki. Alikuwa kama mtu anayeitwa njiani na hageuki. Nilitakiwa kufurahi. Lakini nilikuwa naumia, maana miaka arobaini hakuna mchezaji aliyewahi kukataa ngoma yangu, na sasa aliyeikataa ni huyu niliyemlea, na mimi ndiye niliyemsaidia kuikataa.

Siku ya kuondoka kwao tulikuta lori limeshapakiwa, baraza tupu, Mwalimu ana mkoba begani na daktari yuko ndani ya gari dogo ameshawasha.

"Mwalimu, nipime," akasema mtoto. Hata salamu alisahau.

"Leo? Mwanangu, huoni gari?"

"Nipime."

Wakatazamana. Mwalimu akatua mkoba chini. Kamba haikuwepo, ilikuwa imefungiwa magodoro, kwa hiyo akasimama nyuma ya mtoto akaweka kiganja chake juu ya utosi wake, akiacha nafasi ya kidole kimoja. Mimi nikaokota jiwe nikagonga ngazi. Safari hii sikugeuzwa ukutani.

Mafungu yote manane. Kwenye la tatu Mwalimu akaniambia, "Kimbia, babu." Nikakimbia. "Rudi." Nikarudi. Akaniambia kimbia tena kwenye la saba, na nilikimbia kama mwizi. Mtoto alikuwa pale pale, anaweka nne zake kwenye pigo ambalo mimi nilikuwa nimeshaliacha, analibeba mwenyewe kichwani. Kile kiganja hakikuguswa. Honi ya gari ililia mara mbili, na hilo nalo halikumbeba.

Alipomaliza, Mwalimu akaondoa kiganja. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Halafu akasema, "Sasa ndiyo ninaweza kuanza kukufundisha."

Akamkumbatia, akaingia garini, wakaondoka.

Tulibaki tumesimama kwenye ngazi na lile vumbi lao.

"Kwa hiyo nimefaulu?" mtoto akaniuliza.

"Umefaulu."

"Nimefaulu nini?"

Mwaka uliofuata alianza sekondari kule Kibondo, bweni. Nilikwenda kumtembelea mwezi Mei, barabara imejaa mabasi ya Warundi wanaoletwa kambini, nikafika nimechoka kama gunia lililopigwa. Akanisimulia kwamba walimu walisikia anajua ngoma ya Kihindi wakamwomba acheze siku ya sherehe ya shule. Akawaambia hajui. Wakasema ana maringo. Ilibidi akae ile nusu na kuwakanyagia fungu la kwanza ili waamini, na ukumbi mzima ukamuuliza ngoma inaanza saa ngapi.

Nilimpigia Mwalimu simu, namba alikuwa ametuachia. Nikampata mara moja tu. Nikamwomba amfundishe hata kwa simu, yeye aseme na mimi nigonge. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema siku wakija huku watapita. Hawajapita.

Hasira yangu mimi iko hapo, na sioni pa kuipeleka. Kama angempitisha ile Jumamosi aliyompima mara ya kwanza, mtoto angekuwa na ngoma moja fupi yenye miguu ya kubebwa, na angeicheza Kibondo na watu wangepiga makofi. Sasa ana miguu ambayo hakuna mtu hapa katikati ya Kasulu na Kibondo anayejua inamfaa nini. Siku nyingine nasema yule mama alikuwa sahihi. Siku nyingine, nikikumbuka zile ngazi za kanisa, nasema laiti asingekuja kabisa.

Likizo ya Desemba alirudi. Siku ya pili tu nikasikia pa, pa, nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unamnasa.

"Unafanyia nini tena?" nikamuuliza.

"Nikiacha, magoti yatasahau."

"Yakumbuke kitu gani sasa?"

Alikuwa ameshakaa ile nusu yake, mgongo umenyooka, mikono imefunguka, anangoja.

"Babu, piga bwana. Nachoka."

Nikavuta kigoda, nikachukua mwiko. Niligonga sawasawa, pigo moja moja, bila kukimbia hata kidogo, na kila pigo nilikuwa na hasira.